Kipimo cha Kurudi

Mchungaji, ndugu, majirani na marafiki, mimi ni mdogo wake marehemu, tumbo moja, tulizaliwa wawili tu, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Kaka alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya posta, akabatizwa mwaka huohuo, akaanza shule ya msingi mwaka 1959, na huko darasani wakambandika jina la Nimeshasema, kwa sababu akishatamka jambo limekwisha, hata mwalimu aoneshe vingine ubaoni, na jina hilo likamganda hadi uzeeni.

Alisomea upimaji wa ardhi, akaajiriwa katika ofisi ya ardhi tarehe 2 Januari 1974, ghorofa ya pili, meza ya dirishani juu ya karakana ya matairi, akawafundisha wengi kanuni ya kazi yao, kwamba mstari hupimwa kwenda na kurudi, na vipimo viwili visipolingana hakuna kuweka sahihi. Tarehe 9 Desemba 1978 alifunga ndoa na shemeji yangu, mshonaji wa sare za shule, wakajaliwa watoto watatu, ambao wamekaa hapa mbele.

Baba yetu alifariki mwaka 1997, akatuachia shamba tuligawane nusu kwa nusu, kaka akalipima mwenyewe, na tarehe 19 Agosti, saa sita mchana, akidhani yuko peke yake, aling'oa jiwe la mpaka akalisogeza mita tatu na nusu upande wangu, akapima kwenda tu, akaweka sahihi. Msinitazame hivyo, ni yeye aliyeniagiza niyasome haya, nami nilimwambia watu watasema, akajibu waache waseme.

Tangu siku hiyo kamba ya kupimia ilimgeuka. Apime barabara, apime kiwanja cha shule, kwenda ilikuwa sawa, kurudi ikapungua mita tatu na nusu, wala si zaidi, na wenzake wakiishika kamba ileile wanapata sawa, akabadilisha kamba saba na miwani miwili, wapi! Chumba chake cha kulala, mita nne kamili, kilipopimwa kurudi kilibaki nusu mita, naye amesimama ndani yake. Shemeji alimtania kwamba basi kitanda kiko kwa jirani, mpaka siku alipomkuta mumewe mchana kweupe akipita chumbani ubavuubavu, mgongo ukisugua hewa tupu, na tangu hapo hakutania tena.

Kule shambani nako, tundu lilimotoka jiwe lilikataa kuzibika, nililijaza udongo mara tatu, na kila nilipoamka nililikuta wazi, kingo zimenyooka, ndani kukavu hata baada ya mvua.

Mwaka 2003 kaka alichaguliwa mzee wa kanisa, akafunga, akaomba, lakini kama alivyokiri mwenyewe, miaka yote hiyo alimwomba Mungu aitengeneze kamba, hakuomba hata mara moja atengenezwe yeye. Februari 2018 figo zilianza kumsumbua, na Mei mwaka uliofuata, akiogopa kufa akiwa bado anabishana na Muumba wake, alimwita mchungaji akasema amechoka kumfundisha Mungu kazi, sasa na afanye apendavyo Yeye, akalia kama mtoto.

Tarehe 25 Mei 2019 alikuja kwangu akijishikilia ukutani, akanipigia magoti, mimi mdogo wake, mbele ya wanangu, akasema mwizi ni yeye. Tulilibeba jiwe pamoja, likazama tunduni lenyewe, udongo ukajifunga pande zote bila mkono wa mtu, tukapima kwenda, tukapima kurudi, vipimo vikalingana. Alifariki tarehe 3 Juni, saa nne asubuhi, uso umetulia.

Linalofuata hakuniagiza, ni langu. Agosti ile nilikuwa dirishani jikoni kwangu, kando ya shamba, nilimwona aking'oa jiwe, nikanyamaza, na kila Jumapili kwa miaka ishirini na mmoja nilipiga magoti kumwomba Mungu asimpe kaka yangu raha, na habari za kamba ziliponifikia nilicheka peke yangu. Alipokuja kuungama nilimwambia nimekusamehe, nikameza yangu, naye amekwenda akiamini kwamba kati yetu wawili mkosaji alikuwa mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliolala nasi matangani, na wapimaji wenzake waliobeba jeneza, Mungu awabariki.

Nisamehe, kaka, nimechelewa. Pumzika katika amani uliyoipata, mimi bado sijaipata.