Harage Langu Lisiende Kimya

"Akirudi, atakaa wapi?" Hilo ndilo swali nililouliza nikiwa bado msichana wa shule, siku dawati la mwenzangu lilipobebwa wakati wa mapumziko likapelekwa stoo, miguu juu, na mtawa aliyekuwa akitufundisha akaendelea kuandika ubaoni kama vile aliyeuliza ni nzi. Nikauliza tena. Akasema tufungue ukurasa unaofuata. Kila mtu darasani alijua kwamba mwenzangu ana mimba, na kila mtu akafungua ukurasa. Basi sogeeni karibu, wanangu, wewe mtoto wa kaka yangu na wewe Sista mdogo, kwa sababu tangu siku ile sijatulia, na leo mkiniambia nipumzike mnanichekesha bure. Mgonjwa mnayemtaka ninyi, yule wa kulala chali mikono kifuani, mkamtafute chumba kingine. Mimi hata shuka linaniwasha. Niinueni kidogo. Huo mto utoeni. Hapana, urudisheni.

Najua mtawa hana cha kurithisha. Nilipoweka nadhiri ya ufukara nilikabidhi hata saa ya mkononi aliyonipa mama, na tangu hapo nilichovaa na ninachokalia ni mali ya shirika, mpaka hii miwani iliyofungwa uzi sikioni. Sanduku lililo chini ya kitanda ni la nyumba pia, msije mkaligombania. Limechakaa kwa safari. Mama Mkuu wa enzi zetu alikuwa na tabia ya kukuita baada ya chai, akakushukuru kwa upole kabisa, halafu akakuambia gari linakusubiri. Na kweli ukitoka nje unalikuta limeshawashwa. Niliwaacha watoto katikati ya hesabu za sehemu. Niliwaacha wagonjwa wa kuhara kwenye mahema, nimewazoea hata harufu, nikapelekwa mahali ambapo ubao ulikuwa mlango mbovu uliopakwa masizi, na jioni mama za watoto wa pale nao wakaja kujifunza kuandika majina yao. Nilitii. Nilinung'unika njia nzima, hadi dereva mmoja akaniambia, Sista, hata breki zangu hazilalamiki hivi, lakini nilitii, na popote niliposhushwa nilianza kazi kabla sijafungua sanduku.

Sasa wewe, mwanangu, sikiliza habari ya nyumba ya babu yako, maana baba yako hakukusimulia yote. Mama yetu alisema mbele yetu wote kwamba chumba cha uani ni changu, nikichoshwa na utawa nirudi nikute pa kulala. Baba yako akakijaza mifuko ya saruji na matairi. Nilipomuuliza, akanijibu mbele ya mkewe, "Wewe si umeolewa na Mungu? Mwambie mumeo akujengee." Watu wakacheka. Nami nilicheka, kisha nikakaa miaka bila kukanyaga pale, hata alipougua nikaenda kumwona hospitali na si nyumbani. Simchukii tena, ametangulia, na huko tutamalizana. Lakini chumba nakidai. Sikidai kiwe changu, kwa kuwa nadhiri zangu haziniruhusu. Nataka ukisafishe. Toa matairi, paka chokaa, tafuta kitanda na neti, kwa sababu kuna binti atakayekihitaji akishajifungua, na kutoka pale hadi shule yetu anatembea tu. Usiniambie kwamba siku hizi cherehani zako nazo zimejaa huko. Zisogeze barazani.

Binti mwenyewe mnamjua. Ni yule wa darasa la mtihani ambaye sweta halifungiki tena. Mitihani iko mlangoni, na kesho baada ya masifu ya asubuhi baraza la nyumba linakaa kuamua kama ataruhusiwa kuifanya au atarudishwa kwao.

Mwanangu, wewe si mtawa, hujui tunavyoamua. Tunapita mmoja mmoja mbele ya chungu kilichofunikwa, kila mmoja ameficha harage kwenye ngumi. Jeupe, abaki. Jekundu, aende. Halafu chungu kinamwagwa mezani, na hakuna anayeruhusiwa kueleza lake, wala kumuuliza mwenzake. Waasisi wetu waliona kwamba wakijieleza watagombana, na wakigombana upendo utavunjika, kwa hiyo wakaona kunyamaza ndiyo upendo wenyewe. Huo utaratibu ni mzuri kwa kuchagua rangi ya mapazia. Lakini matokeo yake ni kwamba katika nyumba hii wasichana wamefukuzwa, na ukitafuta aliyewafukuza humpati. Aliyefukuza ni chungu. Na hao wote walioweka jekundu ni watu wema, nawaapia, watu ambao usiku wakisikia mtoto anakohoa bwenini wanaamka. Wanasema wanamsitiri binti. Wanamsitiri vipi kwa kumtoa mchana kweupe na godoro kichwani?

Hoja zao nazijua kwa moyo. Wanasema wengine wataiga. Nimefundisha tangu meno yangu yako yote, sijaona msichana anayemtazama mwenzake akitapika kwenye ndoo saa ya jiografia akasema na mimi nataka hiyo. Wanasema wazazi watahamisha watoto. Wazazi gani? Hao hao ambao mtoto wao wa kiume yuko ng'ambo ya ukuta, shule ya wavulana, amempa mimba huyu, na jana alikuwa golikipa? Yeye hakuna chungu kilichowekwa kwa ajili yake. Mtihani anafanya, na akifaulu padre atamtangaza kanisani. Wanasema jina la shule. Jina la shule ni kufundisha. Tukiacha kufundisha libaki jina la nini, la ukuta?

Sista Funguo, huyo anayeshika stoo na kila mlango, alikuja hapa asubuhi kunitania kwamba hata nikifa nitaketi kwenye jeneza nisahihishe mahubiri. Tulicheka hadi nikakohoa. Nampenda. Kesho ataweka jekundu, na machozi yatamtoka akiliweka.

Maji. Kidogo tu... basi.

Desturi inasema mgonjwa harage lake linabebwa na mwenzake, nami nimekuchagua wewe, Sista mdogo. Uliniuliza, "Nikisema peke yangu, nitaonekanaje?" Sikukujibu kwa sababu muuguzi aliingia. Utaonekana umesimama, wenzako wamekaa. Nami sitakudanganya. Nadhiri zako za daima bado, na Sista Funguo ni mmoja wa watakaoulizwa kama unafaa. Mnadhani nilihamishwa kila mara kwa sababu nilikuwa hodari? Nilihamishwa kwa sababu nilifungua ngumi mbele ya chungu nikasema hili jeupe ni langu na sababu yake ni hii. Mara moja tu, mara moja, mwingine akafungua ya kwake baada yangu, na mwingine, na binti yule akabaki. Leo anawazalisha wenzake katika zahanati ile ya chini. Mara nyingine zote nilishindwa. Sijuti hata moja.

Utii niliuahidi, na wewe umeuahidi. Kunyamaza hatukuahidi. Tafuta katika nadhiri zote tatu, hakuna.

Pumzi inakimbia sasa... ngojeni. Mnizike na viatu vile vya darasani, visafisheni udongo. Sanduku mpeni mtawa mchanga wa kwanza atakayehamishwa. Msilie kwa zamu, lieni pamoja mmalize, kuna vipindi kesho.

Mungu awape ninyi wawili moyo usiotulia. Awanyime usingizi pale mtakapotaka kulala mapema. Awape watoto wa watu wengine, wengi, wenye maswali... Nawabariki. Mkono umekuwa mzito, uinueni wenyewe, uwekeni vichwani mwenu. Hivyo.

Sista mdogo... usilie, nisikilize. Kesho usingoje nani ataanza. Simama wa kwanza, uwaambie kwa sauti kwamba binti abaki. Nakuomba.