Andika Barua Mbili

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyefanya kazi bungeni miaka thelathini na miwili. Hakuwa mbunge. Hakuwahi kupigiwa kura hata moja. Alikuwa karani wa kamati, na kila aliyepita mikononi mwake alimwita Mama Kifungu.

Alianza kama mpiga chapa. Akiwa na miaka arobaini na mmoja, akajiandikisha masomo ya jioni. Kifungua mimba wake anasema: "Tulikaa meza moja, mimi na hesabu zangu, yeye na sheria zake. Akichoka, ananiibia rula anajikunia mgongo. Halafu anafumba macho, anasali, anaendelea."

Hivyo ndivyo alivyopanda, hadi akawa mkuu wa makarani. Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kulea wafanyakazi wapya.

Kulikuwa na binti mmoja, karani mwenye miezi miwili tu kazini, bado yuko kwenye majaribio. Siku moja bunge lilikuwa lipitishe muswada wa urithi. Kamati ilikuwa imeongeza kifungu cha kumi na moja: mjane asitolewe nyumbani mpaka shauri liishe. Binti akapitia nakala zilizokwisha kuwekwa mezani kwa wabunge. Kifungu hakimo! Alikuwa amepeleka kwa wachapaji rasimu ya zamani. Na kikao kilibakiza dakika arobaini kuanza.

Akamkimbilia Mama Kifungu.

"Mama, nimekwisha. Tuseme mashine imekula ukurasa."

"Mashine haina mdomo, mwanangu. Wewe unao."

"Watanifukuza!"

"Huenda. Ila bila kifungu hicho, kuna mama atafukuzwa nyumbani kwake. Twende."

Mlangoni kwa mwenyekiti wa kamati, Mama Kifungu aliweka kiganja juu ya makaratasi, akasali kimya. Alifanya hivyo kabla ya kila kikao. Kisha akagonga, akampisha binti atangulie.

"Nani kafanya upuuzi huu?" mwenyekiti akafoka.

Binti alitamani sakafu immeze. "Ni mimi, Mheshimiwa. Nilipeleka rasimu ya zamani. Ukurasa sahihi huu hapa."

"Na mimi ndiye ninayemfundisha," Mama Kifungu akasema. "Ukiandika barua ya kumfukuza, andika mbili."

Mwenyekiti akamtazama huyu, akamtazama yule. "Mkiondoka wote wawili, nani atanisomea haya maandishi ya sisimizi? Hebu kachapisheni, haraka!"

Kifungu cha kumi na moja kikasomwa. Kifungu cha kumi na moja kikapita.

Kesho yake Mama Kifungu akampa binti kiti chake cha mbele, ubavuni mwa mwenyekiti. Yeye akaketi nyuma, ukutani. Kila mfanyakazi mpya alikikalia kiti kile. "Hamtajifunza kuongoza kwa kutazama kisogo changu," aliwaambia.

Yule binti, wasikilizaji wapendwa, leo ndiye Katibu wa Bunge. Juzi alikuwa ofisini, akisubiri barua ya salamu za bunge za kumuaga marehemu Mama Kifungu. Mlango ukagongwa. Akaingia karani mwenye wiki tatu kazini, jasho linamtiririka.

"Samahani, bosi. Nimekosea. Nimeandika Mama alitumikia miaka ishirini na mitatu. Ni thelathini na miwili. Na barua imeshafika kwa Spika kutiwa saini."

Hakuna aliyekuwa amelibaini kosa lile. Kijana alikuwa amelileta mwenyewe, kwa miguu yake. Katibu akacheka, machozi yakimtoka, kisha akainuka kitini.

"Haya, twende kwa Spika. Wewe tangulia, mimi niko nyuma yako."

Kwa mume wa marehemu, kwa wanawe na wajukuu, poleni sana. Mungu aliyemsikia kila alipoweka kiganja juu ya makaratasi awashike nanyi mkono. Nasi tuliobaki, tujiulize kabla hatujalala: mara ya mwisho mtu aliye chini yetu alipokosea, sisi tulisimama wapi?