Baraka ya Mchonga Magurudumu

Tangu Papa wetu ang'olewe kitini na kuzungushwa Roma juu ya punda, uso ukielekea mkiani, humpati mtu aliyewahi kumshangilia. Mapadre aliowapa daraja wametangazwa si mapadre, nao wanaficha utosi walionyolewa kama alama ya upadre.

Kwenye mashua ya kuvuka mto Tiber, Bonosa muuza samaki alimkazia macho abiria aliyeketi kando yake. "Jua lote hili, bwana, kofia ya sufu ya nini?"

"Kichwa kinauma, mama. Mimi mchonga magurudumu tu."

"Kwa mikono laini hivyo?"

Mashua ikayumba, sisi abiria tukapiga mayowe. Mchonga magurudumu akainua vidole viwili akatubariki sote, pamoja na mbuzi wa watu.

Bonosa hakucheka. "Nilijua tu! Wewe ndiye uliyemwondolea mume wangu dhambi akikata roho. Sasa niambie: ziliondoka, au alikwenda nazo?"

"Mama, punguza sauti."

"Sikuulizi habari za sauti. Nakuuliza dhambi."

Mashua ikagusa ukingo. Akaruka kabla kamba haijafungwa, nasi tuliobarikiwa tukabaki tumeketi, tukitazamana.