Bi Sekunde na Ndoo ya Chemchemi

Miaka ishirini na saba, miezi minne na siku kumi na moja: huo ndio muda ambao Bi Sekunde amekitumikia chama chetu cha mazingira, na Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, anakabidhi funguo za kitalu cha miche. Hizo siku kumi na moja nimeziandika kwa amri yake. Mimi ningesema miaka thelathini, ikae vizuri mdomoni.

Jina tulimpa wiki yake ya kwanza. Aliweka ndoo ya lita ishirini chini ya bomba la chemchemi, akavua saa na kupima inajaa kwa muda gani. Sekunde arubaini. Akaandika kwenye daftari. Jumatatu iliyofuata akarudi na ndoo yake, na karibu Jumatatu zote mpaka wiki iliyopita. Fundi seremala wetu alimwuliza kama maji nayo yanasaini kitabu cha mahudhurio. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye alijitwika ndoo, akaenda zake kumwagilia.

Yale maandishi ya chaki juu ya mlango wa stoo ni yake pia: "Hapa haulizwi mtu anasali wapi, wala kama anasali. Anaulizwa jembe lake liko wapi." Ndivyo tulivyoishi. Wenye dini hii, wenye dini ile na wasio nayo, wote tulizama kwenye mtaro mmoja kutoa taka, na wote tulinuka sawasawa. Msimamo wake ni kwamba uchafu umeletwa na watu na utaondolewa na watu, basi tusikae tukitazama juu.

Miche elfu kumi na nne mia mbili na sita imetoka mikononi mwake, na hapo nahesabu iliyo hai tu. Iliyokufa ina daftari lake, na sababu ya kifo, kama hospitali. Mwaka wa mafuriko mimi mwenyewe niliogelea na miche mia tatu kichwani kuiokoa. Bi Sekunde ameandika thelathini, na kwamba maji yalinifika magotini. Sina ubishi, lakini alikuwa upande wa pili, hakuona vizuri.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo bila hilo wasifu huu ungekuwa pambo tu.

Mwaka wake wa tisa alikwenda likizo ya uzazi. Nikaachiwa kitalu. Nikataka akirudi akute maajabu, nikapanda mikaratusi mia na ishirini kuizunguka chemchemi. Wee acha! Ile miti ilikua mpaka nikawa nawaambia wageni kwamba ukitulia unaisikia ikirefuka. Tulipigwa picha. Nilipewa cheti, bado kiko ukutani kwangu.

Miaka minne baadaye, ndoo ilijaa kwa dakika mbili na sekunde hamsini. Foleni ya maji ikawa ndefu, watu wakaanza kununiana, kisha wakaanza kunong'ona. Juu ya chemchemi aliishi bibi mmoja peke yake, mjane, mkali kidogo, macho mekundu kwa moshi wa kuni. Ikasemwa kwamba ndiye aliyeyafunga maji kwa uchawi. Kufika Alhamisi ulishaitishwa mkutano, na shauri lilikuwa moja: Jumamosi nyumba yake ibomolewe, aondoke.

Bi Sekunde aliingia na daftari kwapani. Akasema, "Jamani, kabla hatujabomoa nyumba ya mtu, tusome kwanza." Fundi seremala akamaka, "Tusome nini, dada? Bomba si linaonekana?" Akasoma hata hivyo. Miaka kumi na mitatu, mstari kwa mstari. Miaka tisa ya kwanza, arubaini, arubaini na moja, thelathini na tisa. Kisha hamsini, kisha dakika, kisha zaidi. Mvua, ambayo nayo aliipima, ilikuwa ileile. Bibi naye alikuwa palepale tangu kabla hatujazaliwa wengi wetu. Akafunga daftari, akauliza, "Mwaka maji yalipoanza kupungua, ni kitu gani kipya kilikuja pale?"

Mimi nikatazama paa. Nimewahi kumfukuza chui kwa ufagio, lakini watu mia mbili wakikugeukia kwa pamoja, chui ni paka. Nikasimama. Nikasema, "Ni mikaratusi yangu."

Hakunicheka, wala hakujifanya anajua kila kitu. Alisema, "Sina hakika. Tukate nusu, tupime." Tulikata, nikiwa na shoka la kwanza. Baada ya misimu miwili ya mvua, ndoo ilijaa kwa dakika moja na sekunde kumi. Tukakata iliyobaki, tukapanda mikuyu.

Kisha akanipandisha mlimani kwa bibi kuomba radhi, maana mimi nilikuwa nimekaa kimya huku mwenzangu akisingiziwa. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ukimaliza, mjukuu wangu, ndoo ile pale." Nilimchotea maji mwaka mzima. Alifariki miaka sita baadaye, kitandani mwake, ndani ya nyumba ileile. Mkisikia watu wakitaja mafanikio ya chama, miche na mitaro na vyeti, mimi natanguliza paa lile la bibi.

Juzi Bi Sekunde aliniita stoo. Nikadhani ananiaga. Akavua saa yake, akanifunga mkononi, akaniwekea daftari juu ya meza. "Mjomba," akasema, "kati yetu wote, wewe ndiye unayeihitaji zaidi."

Leo ni Jumatatu. Nimepima. Nilitamani sana kuandika arubaini, aondoke na namba ileile aliyoikuta, na pale bombani hapakuwa na mtu mwingine wa kuniona. Nimeandika arubaini na tatu.

Asante, dada yetu, kwa maji na kwa bibi, na kwa kuniamini na daftari. Nenda ukapumzike kwa afya, na wanao na wajukuu wakuzunguke. Sisi sote tunakutakia siku njema nyingi, ndefu, zisizopimwa na mtu.