Maabara ya Dirishani

Mgeni wetu rasmi, Mheshimiwa Bedan Gathuku, Mlezi wa Chuo cha Maarifa Tele. Mkuu wa Chuo, Madam Wangu, na Wangu ni jina lake. Mwalimu wetu wa maabara, Bwana Opicho. Wazazi, majirani wa hapa Umoja, na nyinyi wateja wa buchari ya chini mliopanda ngazi mkidhani kuna harusi: hamjambo nyote. Kaeni tu, soda zipo.

Kwa majina naitwa Celine Adhiambo. Wenzangu wa Kozi ya Mwanzo ya Maabara wamenichagua nisome risala hii kwa sababu, walisema, mimi sina haya. Wako sawa.

KARIBU

Mheshimiwa, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tumekuwa tukikukaribisha tangu mwaka juzi. Mara ya kwanza ulikunywa chai, ukahutubu vizuri sana kuhusu sayansi, simu ikalia, ukaondoka kwenda harambee Donholm kabla ya kukata utepe. Mara ya pili ulimtuma mwakilishi, kijana wa suti kali aliyekuja na makasi yake mwenyewe. Madam Wangu akamzuia mlangoni. Alisema kibao cha ukumbusho kilishachongwa jina lako, na chuo hiki hakiwezi kutundika uongo ukutani. Tulimlisha huyo kijana, akaenda zake na makasi yake.

Leo umekuja mwenyewe, umepanda ngazi kwa miguu yako. Tumefurahi kupita kiasi.

HISTORIA FUPI

Kozi yetu ni ya watu wanaoanza kabisa. Kuna mshona viatu wa Majengo, kuna Jacky anayeuza mitumba Gikomba, kuna sisi wengine tulioacha shule tukaingia kwenye vibarua. Wote tunataka kitu kimoja, cheti cha usaidizi wa maabara.

Maabara yenyewe ni hiyo hapo nyuma yako, mlango wa bluu, utepe mwekundu. Mwekundu ulikuwa zamani, sasa jua limeufanya kama chai ya maziwa. Ndani kuna mizani, bureti, vipimajoto, nyaya na balbu, vyote vipya, vingine bado vimo kwenye plastiki. Lakini wote tunajua mambo yalivyo: jengo halitumiki kabla mgeni rasmi hajalifungua. Utepe ni utepe. Basi tukaanza kusomea hapa barazani, kupitia dirisha.

Mwalimu Opicho husimama nje pamoja nasi na kuelekeza kwa kijiti. Kile kirefu chembamba chenye koki ni bureti, anasema, hushikwa hivi. Naye anashika hewa. Sisi nasi tunashika hewa. Anapita akitukagua, anamrekebisha mmoja kidole.

MAFANIKIO

Usidhani tumekaa bure. Tunasoma kipimajoto kupitia kioo, na Nthoki, huyo wa kitambaa cha kijani, anasoma mpaka nusu ya nyuzi bila miwani. Umeme tumejifunza kwa maandazi. Tunasimama duara. Sylvance ndiye betri, anatoa maandazi. Sisi ni waya, tunapitisha. Owen ndiye resista, yaani kizuizi cha umeme, kwa hiyo kila andazi likimfikia anakula nusu. Jacky ndiye balbu, na kadiri anavyopata ndivyo anavyong'aa. Siku tulipoongeza resista wa pili, Jacky alizimika kabisa, akachukua mkoba akaenda nyumbani. Hapo ndipo kanuni ilituingia.

Kuna na mafanikio ambayo hatukuyaomba. Njiwa alipenya kwenye tundu la hewa, akajenga kiota mezani, juu kabisa ya kipimajoto. Madam Wangu aliitisha kikao cha dharura kuamua kama njiwa huyo ameifungua maabara. Sisi tulisema ndiyo, kwani ameingia na ameanza kazi. Kikao kikaamua njiwa si mgeni rasmi. Hata hivyo kipimajoto, ambacho tangu tukijue kilikuwa kinasoma joto la chumba tu, kilianza kupanda. Tulisimama dirishani tukiandika, tukachora grafu mpaka makinda yakaruka. Ni grafu nzuri sana. Mwalimu Opicho aliitazama kwa muda, macho yakamlowa, akasema ni biolojia na haimo kwenye silabasi yetu.

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, hapa kicheko kinapungua.

Mtihani wa vitendo hufanyiwa chuo kingine, chenye maabara iliyofunguliwa. Mwaka jana tulienda, tumevaa makoti meupe tuliyoshonewa na mamake Jacky. Kila mmoja akapewa meza yake na bureti yake. Sylvance, yule betri wetu, aliitazama bureti, akarudi nyuma, akaanza kutembea kuelekea mlangoni. Mtahini akamuuliza anaenda wapi.

"Nje, kwa dirisha," Sylvance akasema. "Hapa ndani sioni vizuri."

Chumba kizima kilicheka. Hata sisi tulicheka, Mungu atusamehe. Halafu tukajiangalia, tukaona kwamba karibu wote tulikuwa tumesimama mbali na meza, mikono nyuma, kama watu waliokuja kutazama maiti. Nthoki alijikaza akaishika bureti. Aliishika vile tunavyoshika hewa, ikamponyoka. Tulianguka wote, hakuna aliyebaki. Sylvance alikaa steji ya matatu amejifunika uso kwa lile koti. Iliuma. Bado inauma, na mama yake, ambaye amekaa pale mstari wa pili, mpaka leo hajaambiwa sababu. Sasa mama umejua, pole.

Mtihani wa marudio ni Jumatatu. Anayeanguka tena anatolewa kwenye kozi. Nthoki ana nafasi ya kazi inayomsubiri Industrial Area, kwenye kampuni ya kupima maji, akipita tu. Walimwambia waziwazi kwamba wanataka mtu aliyegusa vitu. Leo ni Ijumaa. Tukiingia sasa hivi tuna jioni ya leo, tuna kesho, tuna Jumapili baada ya kanisa. Mwalimu Opicho amekubali kukaa nasi siku zote hizo, na bibi yake amekubali pia, ingawa kwa shingo upande.

Tulifikiria kuukata utepe wenyewe. Tulifikiria sana. Lakini Madam Wangu alisema atakayeukata atafukuzwa, na Madam Wangu hajawahi kusema kitu akakisahau.

OMBI

Risala nyingine huomba basi, huomba tangi la maji, huomba jukwaa jipya. Sisi tuna ombi moja. Kata utepe.

Hotuba yako tutaisikiliza baadaye, na tutapiga makofi popote utakapotaka. Picha tutapiga, upande wowote wa uso wako unaoupenda. Kwanza ukate.

Tunaona msaidizi wako anakuonyesha saa. Hatushangai, sentensi hii tuliiandika wiki jana. Tunasikia pia dereva amewasha gari. Hiyo nayo tuliiandika. Tafadhali mwambie azime, asichome mafuta, maana geti la chini limefungwa kwa kufuli. Mzee Dirie wa getini asilaumiwe. Binti yake yumo kwenye kozi hii, na mzazi ni mzazi. Madam Wangu, tunakuomba ukae. Hata wewe uko upande huu wa geti.

Ufunguo wa kufuli hilo tumeurusha ndani ya maabara kupitia tundu la hewa, wakati Mheshimiwa alipokuwa akimalizia chai. Tulikusudia uangukie mezani. Haukuangukia mezani, kwa sababu sisi hatuna mazoezi ya kutosha ya vitendo.

Makasi haya hapa, Mheshimiwa, juu ya mto wa bluu, yamenolewa na yule mshona viatu wetu wa Majengo. Mwenyezi Mungu akubariki wewe na nyumba yako, akupe afya, akupe miaka, akuepushe na simu kwa saa moja ijayo, na aushike mkono wako sasa hivi unapoyachukua. Wenzangu wameutafuta ufunguo kupitia dirisha muda wote nilipokuwa nikisoma. Wameangalia kila pembe tunayoijua, na kuna pembe nyingi tunazijua. Hata Nthoki hauoni.

Kuanzia hapa, Mheshimiwa, itabidi mtu aingie.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Kozi ya Mwanzo ya Maabara,
Chuo cha Maarifa Tele, Umoja.