Hitma ya Watu wa Bwejuu

Elimu kuu ya kuzunguka visiwa vya mbali bila gharama ilitangazwa rasmi ndani ya gari la Bwejuu, na bwana mmoja aliyekalia gunia la mihogo. Abrahman, mwanafunzi wa skuli ya dakhalia, wanakolala na kula hukohuko, alitega sikio kwa heshima zote.

"Nshafika Tumbatu, Kojani, mpaka Ngazija," alisema bwana huyo, Simai jina lake, "kwa kufuata hitma za watu tu. Mtu wa msiba hupakiwa chomboni bure, akifika hupewa mkeka na sinia, wala haulizwi katokea wapi."

Bi Shemsa, aliyekaa mbele yake, aligeuka. "Kojani ulimlilia nani?"

"Jina sikulipata, Bi. Lakini nililia sana."

"Na kusoma je, wajua?"

"Napewa juzuu kama wenzangu. Naifungua, natikisa kichwa mpaka wali uje."

"Basi hitma unayoifuata leo ni ya ami yangu," alisema Bi Shemsa, subira imemwisha. "Mchele wenyewe ni wa mgao, na mjane ana watoto. Ukishakula wewe, wao watatikisa vichwa?"

Simai alijibu kuwa thawabu hazina mgao. Abrahman akashindwa kujizuia, akacheka.

Gari likasimama Bwejuu. Bi Shemsa hakushuka. "Na wewe unayecheka, baba, unakwenda kwa nani?"

Abrahman alitafuta jina la shangazi yeyote, asilipate.

"Kwa marehemu, Bi," alisema. "Simjui. Dakhalia tunalishwa maharage kila siku."