Profesa wa Ijumaa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Profesa Florent Buhendwa wa mtaa wa Mapendo hatunaye tena. Ndiyo, yule wa katiba. Yule mbishi!

Miaka thelathini alifundisha sheria hapa Goma. Miaka thelathini, somo moja: mamlaka ina mpaka. Kinshasa ina mpaka, gavana ana mpaka, hata chef wa avenue, mkubwa wa barabara yetu. "Serikali ni mgeni wako," aliwaambia wanafunzi. "Mgeni hafunui vyungu." Kila Kinshasa ilipotaka kuliamulia jimbo mambo yake, aliandika barua. Na kila barua ilipotoka, mkewe, mama Perpétue, alisikiliza buti za askari barabarani.

Twende mwaka 2002. Volkano imelipuka, lava imemeza nusu ya mtaa, mji uko mikononi mwa waasi. Amri ikatoka: Jumamosi ni salongo, kila mtu atoke kuondoa mawe, kwa lazima. Profesa akaketi mlangoni, mikono kifuani.

"Papa Charline, beba jembe, watakuua!" mkewe akamsihi, akimwita kwa jina la binti yao.

"Wanionyeshe kwanza sheria inayowapa ruhusa, Perpétue."

Sikio la kufa halisikii dawa. Askari walimchukua. Siku tatu! Akarudi amepungukiwa jino. Majirani wakamwita mvivu, na mama Perpétue aliona haya, tena sana.

"Nilimukasirikia," anasema. "Nilimuambia, jirani yetu Nyiramahirwe ni mujane, anabeba mawe. Weye unabeba article za katiba!"

Profesa naye, Ijumaa iliyofuata, asubuhi, akashika jembe. Akaondoa mawe mlangoni kwa Nyiramahirwe, peke yake, mpaka viganja vikachubuka. Jumamosi akaketi tena. Askari wakaja, wakatazama njia safi, wakakuna vichwa, wakapita.

Toka siku ile, wasikilizaji, kila Ijumaa jembe, kila Jumamosi mlangoni. Waasi waliondoka, wengine wakaja. Mwaka 2021 lava ikarudi. Yeye na Ijumaa yake. Mama Perpétue hakuzoea kamwe. Kila Jumamosi alikaa akisubiri buti.

Juzi Jumatano alifariki, kwa ugonjwa, kitandani pake. Leo ni Ijumaa. Asubuhi mama Perpétue alifungua mlango, akakuta avenue nzima iko nje na fagio na majembe. Hata waliomwita mvivu. Akaogopa.

"Nani amewatuma?"

Nyiramahirwe, mzee sasa, akainua mgongo. "Hakuna mutu, mama."

Ndipo akalia.

Pole mama Perpétue, pole Charline, poleni wanafunzi wake wote. Nasi tulio majumbani tujiulize: kesho ni Jumamosi, siku ya salongo, tutatoka kwa sababu tumeamriwa. Leo je?